Kamba Isiyofunga Chombo

Mnara wa Belém, magharibi ya jiji la Lisbon, umefungwa kamba. Ni kamba ya jiwe, nene kama amari ya meli, imeuzunguka mnara mzima na kuishia upande wa kaskazini, unaotazama nchi kavu, ambako aliyeichonga ameimalizia kwa mafundo. Ukisogea karibu unaona nyuzi zake zilivyosokotwa, na pale kwenye fundo unaona jinsi kamba inavyojibana ikivutwa: sehemu moja imelala juu, nyingine imezama chini yake. Jua la alasiri likiipiga ubavuni, kila msokoto hupata kivuli chake, nawe unatamani kuishika ujue kama ni ya katani au ya usumba.

Niliporudi Lamu na picha zake kwenye simu, nilimwonyesha fundi mmoja wa majahazi pale Matondoni, mzee ambaye alikuwa akikalafati vyombo kabla mimi sijazaliwa. Alikaa na simu muda mrefu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaifuata kamba kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho wake, kisha akarudi nyuma kana kwamba kuna kitu kimempita.

"Kamba njema," akasema mwishowe. "Msokoto wake sawa. Sasa hini yashika nini?"

"Haishiki kitu, Ami. Ni pambo la ukuta."

"Pambo?" Akanirudishia simu yangu. "Kamba isiyoshika kitu, mwanangu, ni mtego. Mtu atajikwaa."

Sura hii imetokana na swali lile. Nimelizungusha kichwani miaka kadhaa, na kila nilipodhani nimepata jibu nilikuta nimejikwaa kama alivyosema.

Tuanze na mahali penyewe. Zamani Belém iliitwa Restelo, ufuko wa mto Tejo karibu na unapomwagika baharini, mahali pa merikebu kutia nanga zikingoja upepo. Mwana wa mfalme Henrique, ambaye vitabu vya shule humwita Baharia ingawa mwenyewe hakusafiri mbali, alijenga hapo kanisa dogo la watu wa baharini. Tarehe 8 Julai 1497 Vasco da Gama aling'oa nanga Restelo akiwa na vyombo vinne. Aprili mwaka uliofuata alikuwa Mombasa, ambako mambo yalimwendea kombo, kisha Malindi, ambako alipewa rubani wa kumvusha hadi Calicut.

Mfalme aliyemtuma, Manuel, alitawala kuanzia 1495 hadi 1521, na bahati yake ilikuwa ya kudondokewa. Hakuzaliwa mrithi wa kiti. Waliomtangulia ndio waliopanda, yeye akavuna. Baada ya safari ile kufanikiwa alihama kutoka ngome ya kilimani akajenga jumba jipya ukingoni mwa mto, bega kwa bega na Ribeira das Naus, karakana ya merikebu za kifalme. Huyo ni mfalme anayeweza kufungua dirisha asubuhi akaona mataruma ya chombo yakisimamishwa. Kwa haki karakana hiyo ndiyo ingekuwa kiini cha sura hii. Lakini tarehe 1 Novemba 1755 ardhi ilitetemeka, maji yakapanda kutoka mtoni, moto ukafuata, na jumba na karakana vikaenda pamoja. Leo ukingo ule ni mahali pa watu kukaa na kupunga upepo wa jioni. Kamba za katani zilizofunga merikebu za Manuel zilikuwa zimeoza zamani hata kabla ya tetemeko. Zilizobaki ni za jiwe, kilomita chache upande wa machweo, kwenye majengo mawili ambayo tetemeko liliyapita: Mnara wa Belém na nyumba ya watawa wa Mtakatifu Jeromu, Jerónimos.

Jiwe lenyewe linastahili kutazamwa kabla ya nakshi. Linaitwa lioz, ni jiwe la chokaa la rangi ya maziwa yaliyochanganywa na asali kidogo, gumu kiasi cha kung'arishwa likang'aa kama marumaru. Ndani yake mna makombe ya viumbe wa bahari waliokufa mamilioni ya miaka iliyopita, na ukipitisha jicho kwenye sakafu au ngazi za Lisbon utayaona: miviringo na mikunjo myeupe, mithili ya vitunguu vilivyokatwa. Kwetu pia tumejenga kwa wafu wa baharini. Mihrabu ya Kizimkazi, yenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, imechongwa kwenye matumbawe. Tofauti ni kwamba tumbawe laini hutolewa majini likiwa bichi, likachongwa upesi kabla halijakauka na kuwa gumu, ilhali lioz halina subira hiyo. Ni gumu tangu machimboni na kila uzi wa kamba ile umedaiwa kwa tindo na nyundo.

Jerónimos ilianza kujengwa kati ya 1501 na 1502, mahali pale pale palipokuwa na kanisa dogo la Henrique, ikachukua takriban miaka 100 kumalizika. Msimamizi wa kwanza alikuwa Diogo de Boitaca, kisha akaja João de Castilho, ambaye ndiye aliyeupa mlango wa kusini sura yake. Mlango huo una kimo cha mita 32, umejaa watakatifu hadi huna pa kuweka jicho, na katikati, kwenye nguzo inayotenga milango miwili, amesimama Henrique na upanga wake. Ndani, nguzo za kanisa ni nyembamba mno kwa paa linalobebwa, kama minazi iliyofika dari na kutandaza makuti. Kwenye ua wa ndani hakuna sehemu ya jiwe iliyoachwa bila nakshi: kamba, majani, ndege, vichwa vya watu, msalaba wa Shirika la Kristo, na tufe la wanafalaki lililoundwa kwa pete za kupishana, ambalo lilikuwa alama ya Manuel mwenyewe.

Nakshi hizo huzipiga picha kila mgeni. Mimi kilichonishika ni kitu ambacho wengi hukipita. Kwenye ukuta unaotenga kanisa na ua kuna vibanda 12 vya maungamo. Baharia aliingia kwa upande wa kanisa, padri kwa upande wa ua, wakakutana katikati ya ukuta na kizuizi kati yao. Watawa wale walipewa nyumba hiyo kwa sharti la kuiombea roho ya mfalme na kuwahudumia wasafiri wa baharini. Kwa hiyo ukuta huu, ambao upande mmoja umepambwa kama sanduku la bibi harusi, ulikuwa pia mahali ambapo mtu asiye na hakika ya kurudi alinong'ona dhambi zake kabla ya kupanda chomboni. Milango yake ni myembamba, haina makuu. Sijui jiwe lolote Belém lililo na bahari ndani yake kuliko la ukuta huu.

Sasa nije kwenye mashaka yangu.

Waongozaji wa watalii wa Lisbon husema, na vitabu vingi husema, kwamba mtindo huu ulizaliwa na bahari: wachongaji waliona merikebu zikirudi, wakahamishia kamba, nanga, matumbawe na mwani kwenye kuta. Ni maelezo matamu na kwa muda mrefu niliyameza bila kutafuna. Lakini jina lenyewe la mtindo, "manuelino", halikutoka kinywani mwa Mreno yeyote wa zama za Manuel. Lilienezwa na Francisco Adolfo de Varnhagen, mwanahistoria mzaliwa wa Brazili, alipoandika kuhusu Jerónimos mwaka 1842. Wakati huo Ureno ilikuwa imeipoteza Brazili na ilikuwa ikijitafutia ukubwa wake wa jana. Mtu aliyefilisika hupenda kuwaonyesha wageni picha za harusi.

Mfikirie Boitaca. Kabla ya kuitwa Belém alijenga kanisa la Yesu huko Setúbal, kusini ya Lisbon, kazi iliyoanza miaka ya 1490, kabla Vasco da Gama hajaiona pwani yetu. Nguzo za kanisa hilo zimesokotwa, mikondo mitatu ya jiwe imepindana kama kamba ya nyuzi tatu. Kamba, basi, iliitangulia safari. Au nenda Burgos, kaskazini ya Uhispania, mwendo mrefu kutoka ufuko wowote. Kuna jumba la karne ya 15 liitwalo Casa del Cordón, Nyumba ya Kamba, kwa sababu juu ya mlango wake imechongwa kamba kubwa ikiuzunguka. Ile ni kamba ya kiunoni ya watawa wa Mtakatifu Fransisko. Cha kuchekesha ni kwamba katika jumba hilo hilo, mwaka 1497, wafalme wa Uhispania walimpokea Columbus aliporudi kutoka safari yake ya pili. Huenda naye alipita chini ya kamba ile akaiona ya meli. Kila mtu huona kamba ya kazi yake.

Dirisha mashuhuri kuliko yote ya mtindo huu halipo bandarini. Lipo Tomar, mji wa bara, kwenye nyumba kuu ya Shirika la Kristo, na lilichongwa na Diogo de Arruda kati ya 1510 na 1513. Ni kichaka cha jiwe: kamba zenye mafundo, matawi yanayosemekana ni matumbawe, na chini kabisa mzee wa ndevu aliyebebeshwa mizizi ya mti mgongoni. Wako wanaomwita nahodha. Pembeni mwa dirisha, nguzo moja ya ukuta imefungwa mnyororo na nyingine imefungwa mkanda wenye bizimu. Mkanda wenye bizimu ni kifaa gani cha meli? Si cha meli. Husomwa kuwa ni mkanda wa nishani ya Garter ya Uingereza, ambayo Manuel alitunukiwa, na mnyororo ni wa nishani nyingine ya kifalme. Mfalme alikuwa akijivalisha medali ukutani. Bahari imo, sikatai, lakini imo kama pilipili katika pilau: unaihisi, ila si yote uliyonayo sahanini.

Na kuna jambo lingine ambalo lilinifanya nicheke peke yangu nilipolijua. Sehemu ya kile tunachokistaajabia Belém ni kazi ya karne ya 19. Katika miaka ya 1840 mnara ulifanyiwa matengenezo makubwa, ukaongezewa mapambo ya kufanana na ya zamani. Jerónimos, iliyoachwa na watawa mwaka 1834, baadaye ilikabidhiwa kwa Rambois na Cinatti, mafundi wawili ambao kazi iliyowapa jina ni kuchora mandhari za jukwaani katika jumba la opera la São Carlos. Walitaka kuipa nyumba hiyo mnara mkubwa wa katikati. Desemba 1878, ujenzi ukiendelea, mnara huo uliporomoka na kuua wafanyakazi. Hata kaburi la Vasco da Gama, lililokaa mlangoni mwa kanisa na kamba zake na tufe lake na merikebu yake ya jiwe, ni la mwishoni mwa karne hiyo. Yeye alifia Kochi, India, mkesha wa Krismasi ya 1524. Fundi wa kaburi alimpa kamba ambazo karne yake mwenyewe haikumpa.

Kwa hiyo nikarudi kwa swali la Ami nikiwa na jibu la mkato: haishiki kitu, kwa sababu si kamba ya chombo, ni ya watawa, ni ya desturi, ni ya watengeneza mandhari wa opera. Ningeishia hapo ningeonekana msomi. Ila mnara haukuniachia.

Mnara wa Belém ulijengwa na Francisco de Arruda, nduguye Diogo, kati ya 1514 na 1519 hivi, juu ya mwamba uliokuwa ndani ya maji. Mto umesogea tangu wakati huo na leo mnara umekaribiana na nchi kavu. Francisco alikuwa amefanya kazi kwenye ngome za Wareno huko Moroko, na vibanda vya walinzi vilivyo pembeni mwa mnara wake vina kuba za mistari kama boga, za kule kule. Chini ya kimojawapo, kikibeba uzito wa kibanda, kimechongwa kichwa cha mnyama. Upepo na chumvi vimekila. Ukikitazama haraka utadhani ni nguruwe. Ni kifaru.

Kifaru huyu alikuwako kweli. Sultani Muzaffar wa Gujarat alimzawadia Albuquerque, gavana wa Wareno huko India, naye akampeleka kwa mfalme. Mnyama alishuka Lisbon tarehe 20 Mei 1515 baada ya miezi minne baharini. Manuel alimpambanisha na tembo mbele ya watu, na tembo akatimua mbio. Kisha akaamua kumtuma kwa Papa Leo wa 10 huko Roma. Mapema 1516 merikebu ilizama karibu na pwani ya Italia, na kifaru, ambaye kwa kawaida anajua kuogelea, alizama nayo kwa sababu alikuwa amefungwa minyororo sitahani. Mchoro wake uliofanywa na Albrecht Dürer, ambaye hakumwona hata siku moja, ndio uliozunguka Ulaya. Jiwe la Belém lilikuwa karibu naye zaidi. Hapa si desturi ya watawa wala nishani: ni kitu kilichoshushwa chomboni, watu wakakimbia kwenda kukitazama, fundi akapanda kiunzi akakichonga.

Basi kumbe ukuta ule unaweza kusema kweli. Inategemea unauliza nini.

Niliuliza nani alilipa. Jerónimos ilijengwa kwa kodi ya asilimia 5 iliyotozwa biashara ya Afrika na Mashariki. Kila tindo lililogonga lioz, kila siku ya kazi ya mchongaji, ilikuwa na sehemu yake katika mizigo iliyopita mbele ya Msumbiji, Kilwa, Mombasa na Malindi. Na kuna kitu kimoja ambacho hakiachi nafasi ya kubishana. Hakipo tena Belém, kipo katika jumba la makumbusho ya sanaa ya kale mjini Lisbon, ndani ya kioo: monstransi, chombo cha kuonyeshea hostia, cha dhahabu na rangi za kuchomelea, kimo chake sentimita 73. Mitume 12 wamepiga magoti kukizunguka. Kwenye shina lake, pale mkono wa padri unaposhika, yamezungushwa matufe sita ya Manuel, yale yale yaliyo kwenye ua wa Jerónimos. Na kwenye ukingo wa tako lake pameandikwa kwamba mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikamalizika 1506.

Dhahabu hiyo ilipatikana hivi. Julai 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa katika safari yake ya pili, safari hii na msafara wa kivita. Amiri Ibrahim, aliyeshika mji, aliitwa chomboni na kuambiwa alipe kila mwaka au mji upigwe mizinga na kuchomwa. Alikubali mithkali 1,500. Haikuwa dhahabu ya Kilwa kwa asili. Ilichimbwa nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa Sofala, ikapandishwa pwani kwa majahazi, na Kilwa ilinawiri kwa kukaa njiani na kutoza ushuru. Sasa aliyezoea kutoza alikuwa ametozwa. Mwaka 1503 ilifika Lisbon. Mwaka 1505, wakati sonara Gil Vicente akiifua na kuitia rangi, Mreno Francisco de Almeida alishuka Kilwa na watu wake wakapora mji, kisha wakaenda Mombasa wakauchoma. Kilwa walijenga ngome, wakakaa hadi 1512, wakaondoka. Magofu yaliyo ufukweni leo, ambayo mengi ni ya matengenezo ya Waomani baadaye, watu huyaita Gereza. Neno hilo tulilipata kwa Wareno hao hao. Kwao igreja ni kanisa. Kanisa likawa ndani ya ngome, ngome ikawa na mahabusu, na sisi tukalibakisha neno tukalitupa kanisa. Mnara wa Belém nao uligeuzwa mahali pa kufungia watu, wafungwa wakiwekwa vyumba vya chini, usawa wa maji.

Nikitazama tarehe hizi pamoja, ile kamba ya mnara hunibadilikia machoni. Si kwamba fundi aliyeichonga alimjua Amiri Ibrahim. Hakumjua, alikuwa na boma la kumaliza, mshahara wa kungoja, na pengine kamba ile ilikuwa kwake mstari tu wa kutenga ghorofa na ghorofa. Lakini aliyelipa alijua kamba ni nini. Mfalme anayezungusha kamba kwenye lango la mto wake, akaifunga fundo upande wa nchi kavu, anaonyesha kilichofungwa. Nilimwambia Ami hivyo nilipomtembelea tena. Alisikiliza, akasema labda, akaendelea kupaka sifa kwenye mbao za mashua.

Alikuwa na sababu ya kutoshangaa. Pwani hii haikuchonga kamba kwenye majumba, ilishonea vyombo. Shajara iliyoandikwa na mmoja wa watu wa Vasco da Gama inaeleza vyombo walivyoviona Msumbiji mwaka 1498: havina misumari, mbao zimeshikwa kwa kamba. Ndio ukoo wa mtepe, chombo kilichotobolewa matundu ukingoni mwa kila ubao, kikapitishwa kamba za makumbi ya nazi, zikakazwa na kuzibwa, na juu tanga la mkeka. Mtepe ukigonga mwamba ulibonyea badala ya kupasuka, ila ulivuja bila kuchoka, na kufuta maji ilikuwa kazi ya mchana na usiku. Uliendelea kuundwa sehemu za Lamu kwa karne nyingi baadaye. Kwa watu hao kamba haikuwa alama ya bahari. Ilikuwa kitu pekee kati yao na bahari.

Na bado walichora. Hilo ndilo linalonifurahisha. Kwenye lipu ya chokaa ya Husuni Kubwa kule Kilwa, Songo Mnara, Gedi, na Takwa kisiwani Manda, kuna vyombo vilivyochorwa kwa ncha ya kitu kikali. Peter na Margaret Garlake walivikusanya na kuviandikia mwaka 1964. Vingi ni vidogo, vimejificha kwenye kuta za vyumba na misikiti, na ukija saa sita mchana huvioni. Inabidi uje jua likiwa chini, au uelekeze tochi kando ya ukuta. Havina jina la mchoraji wala la mfalme. Tofauti yao na Belém unaiona mara moja ukianza kufuata mistari. Hii inatoka kileleni mwa mlingoti inashuka omo. Ile inatoka ncha ya foromali inaenda tezi. Pengine mwili wa chombo umechorwa ovyo, kama kiatu, lakini kamba zimehesabiwa. Aliyezichora alikuwa amezivuta.

Wareno wenyewe walipochora bila kuagizwa na mfalme walifanya vivyo hivyo. Ndani ya Ngome ya Yesu, Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, kulifukuliwa ukuta wa karne ya 17 ambao askari walioshikwa na upweke waliujaza picha kwa mkaa na udongo mwekundu. Zipo merikebu, watu, makanisa, samaki. Mistari imepishana, mmoja kachora juu ya mwingine. Hakuna tufe wala msalaba wa Shirika la Kristo uliopangwa kwa rula. Merikebu zina matanga na zina kamba, na kamba zimefungwa kwenye vitu.

Nilitamani Ami auone ukuta ule, lakini Mombasa kwake ni mbali kuliko Muskati ilivyokuwa kwa babu yake. Nikampelekea picha. Hakusema neno juu ya uzuri. Alisema merikebu moja demani yake imekaa mahali pabaya, na kwamba chombo hicho kikigeuza tanga kitampiga mtu kichwa.

Mwaka jana nilishuka Malindi kwa shughuli nyingine nikatembea hadi kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Aliiacha Januari 1499 alipopita akirudi kwao. Kwanza ilikuwa karibu na nyumba ya mfalme wa mji, baadaye ikahamishiwa kwenye rasi ya mawe ilipo sasa. Mwili wa nguzo ni matumbawe na chokaa ya hapa, umepakwa rangi nyeupe. Msalaba ulio juu yake, wenye ngao ya Ureno, ni jiwe la chokaa la Lisbon. Nilipanda ngazi nikausogelea, nikitafuta kamba. Hakuna. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma na mawimbi yakipiga miamba chini kwa kishindo, na jiwe lile lililovuka bahari mbili lilikuwa na rangi ya maziwa yaliyochanganywa na asali kidogo.

Upande wa pili wa rasi, ambako maji yametulia, mashua zilikuwa zimefungwa kwa kamba za nailoni, za buluu na za manjano, zile zinazouzwa kwa mita madukani. Kijana mmoja alishuka kwenye yake akiwa na kapu la samaki begani. Alifunga kamba kwenye kigingi, akaivuta, haikumridhisha, akaifungua, akafunga upya, akaivuta tena kwa uzito wa mwili wake wote. Kisha akaondoka bila kutazama nyuma.